Kucha Mbili

Gerezani, saa nne, vyuma vimeshaanza kuchoma viganja.
Mataya matatu ya kufunga mbele ya trekta
yamelazwa chali juu ya matairi, midomo wazi,
na Chedieli anayasifu moja moja
kama mshenga anayelipwa kwa idadi ya mabinti.

"Hili," anasema, akiligonga kwa spana,
"meno kumi na mawili, bati la nusu inchi,
linang'oa kisiki cha mkwaju bila kuomba radhi."
Namuuliza lina kilo ngapi.
Anacheka. "Mama, chuma kizuri hakiulizwi uzito."

Huulizwa, Chedieli.
Trekta langu ni la farasi hamsini,
mikono yake huinua kilo mia tisa
siku ambayo pampu imeamka vizuri.
Ukilifunga dude la mia nne na nusu,
nusu ya nguvu imekwisha kabla sijashika kitu:
nitakuwa nabeba taya kutwa nzima,
takataka nazisindikiza kwa macho.

La pili jembamba, rangi mpya, bei ya kirafiki.
Nakwaruza rangi kwa ufunguo wa nyumba:
ulehemu juu ya ulehemu, kovu juu ya kovu.
Limeshavunjikia kwa mtu.
Chedieli anatazama upande wa reli.

Masika yaliyopita tulizibua Msimbazi kwa kijiko kitupu.
Kijiko ni kiganja kisicho na vidole:
tope hulichota kwa uaminifu,
lakini gogo la mnazi hulibeba kwa kulibembeleza.
Gogo likabembelezwa hadi juu, likageuka,
likateremka mikono ya trekta kama mtu anayeshuka ngazi,
likamkuta Lutengano kitini.
Wiki sita Muhimbili, vyuma pajani.
Sasa yuko pembeni yangu na mkongojo
anaoutumia zaidi kuonyeshea kuliko kutembelea.
Anaunyoosha kwa la tatu.

La tatu si zuri. Kutu ya bandarini,
meno manane, mawili yamelika ncha.
Ila mdomo wa juu umegawanyika: kucha mbili,
kila ukucha na silinda yake,
kila mmoja hufunga unapokutana na kitu,
haumngoji mwenzake.
"Mzigo wa Jangwani haulingani," anasema Lutengano.
"Huku godoro, huku friji.
Mdomo mmoja utang'ang'ania friji, godoro litakurudia."
Na kati ya jino na jino pana nafasi,
maji yachuje, yashuke.
Sina sababu ya kununua dizeli
ili kuubeba Msimbazi hewani.

Tukapima matundu ya pini kwa uzi wa kiatu.
Tukahesabu mipira ya haidroliki, minne,
na valvu ya tatu ambayo trekta halina: laki saba nyingine.
Nikabana bei mpaka Chedieli akavua kofia.
Kilo mia mbili na kumi.
Nikalipa, shingo upande;
jicho bado lilikuwa kwa lile la meno kumi na mawili.
Chuma kikubwa kina uongo wake mtamu.

Jumatatu, Jangwani.
Kucha zikafunguka, zikafunga. Tairi.
Mkeka. Mgomba na mizizi yake.
Kisha mlango mzima, wa mninga, fremu na bawaba,
kufuli likiwa bado limefungwa.
Ukucha wa kushoto ulishika juu ya kitasa,
wa kulia uliuma ubao wa chini,
na mlango haukupasuka.
Lutengano hakuniuliza.
Aliutua ukingoni, mbali na lundo,
upande wa kufuli ukitazama juu,
ndipo akazima injini.

Kesho yake haukuwepo.
Mwenyewe aliutambua,
au mtu ameshauuza Manzese, sijui.
Kwenye tope palibaki alama za meno.
Nikachukua kopo la grisi,
nikaanza na ukucha wa kushoto.